Andiko la Mradi wa Sanaa Liache Nafasi ya Kusahihishwa

Mtu akitaka kujifunza kupanga na kuendesha miradi ya sanaa katika jamii, jambo la kwanza atakalofundishwa ni kuandika andiko. Ataonyeshwa namna ya kutenganisha lengo kuu na malengo mahususi, kuchora jedwali la shughuli, kupanga bajeti na kutaja viashiria ambavyo mfadhili atavipima mwisho wa mwaka. Ujuzi huo una kazi yake. Asiyeujua hatapata fedha, na akizipata atashindwa kuzitolea hesabu. Lakini andiko lina tabia moja ambayo haizungumzwi sana darasani: linamlazimisha anayeliandika kutoa majibu kabla hajauliza maswali. Idadi ya michoro, ujumbe wa igizo, tarehe ya onyesho, hata rangi ya fulana, vyote vinaamuliwa mezani, na wenyeji wanaingia pale tu panapotajwa "walengwa". Hoja ya makala hii ni kwamba anayesomea kazi hii inampasa ajifunze kwanza ujuzi mwingine, nao ni kuipanga kazi ili watu waweze kuibadilisha wakati bado inabadilika. Lichukue andiko lako ulisome upya kwa swali moja: ni wapi, na lini, neno la mama anayeuza dagaa sokoni linaweza kufuta kitu ulichokwisha kukiandika? Usipopaona mahali hapo, ushirikishwaji ulioutaja kwenye ukurasa wa kwanza ni mapambo.

Ushahidi wa hoja hii hauko mbali. Uko Limuru, nje kidogo ya Nairobi, katika kijiji cha Kamĩrĩĩthũ. Mwaka 1976 kituo cha elimu na utamaduni cha kijiji hicho kilianzisha madarasa ya watu wazima ya kusoma na kuandika, na Desemba mwaka huohuo kamati yake iliwaomba waandishi Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii waandike rasimu ya mchezo wa kuigiza. Kufikia Aprili 1977 rasimu ilikuwa tayari. Mwenye haraka angeanza kugawa nafasi za waigizaji wiki iliyofuata. Hapa rasimu ilirudishwa kwa wenyeji, ikakaa mikononi mwao kama miezi miwili, nao wakaichambua bila huruma. Walisahihisha lugha, kwa kuwa mzee wa kijiji hasemi kama mwalimu wa chuo kikuu anavyodhani anasema. Wafanyakazi wa kiwanda cha viatu cha Limuru walipiga hesabu wenyewe ya namna jasho lao linavyogeuka faida ya mwenye kiwanda, na hesabu hiyo ikaingia kwenye mchezo. Mazoezi yalianza Juni, tena hadharani, zaidi Jumamosi na Jumapili mchana, ili kibarua asikose kazi na muumini asikose ibada ya Jumapili asubuhi. Aliyepita njiani aliweza kusimama, akatazama, akapinga. Jukwaa la wazi la kubeba watu wapatao 2,000 lilijengwa na wanakijiji wenyewe. Mchezo huo, Ngaahika Ndeenda, ambao wasomaji wa Kiswahili wanaujua kama Nitaolewa Nikipenda, ulifunguliwa tarehe 2 Oktoba 1977, na Ngũgĩ wa Thiong'o alikiri baadaye katika maandishi yake kwamba kilichofika jukwaani kilikuwa mbali sana na kile walichokiandika mwanzo.

Anayejifunza atazame vizuri jinsi muda ulivyogawanywa. Kutoka ombi la kamati hadi onyesho la kwanza ni miezi kumi, na sehemu kubwa ya miezi hiyo ilitumika kubishana. Atazame pia kwamba waandishi hawakwenda mikono mitupu. Wako wanaodhani kushirikisha jamii ni kuitisha mkutano na kuuliza, "Mnataka nini?" Watu wakiulizwa hivyo hujibu kile wanachokisia kwamba mgeni amekuja kukitoa: kisima, zahanati, barabara, semina. Ukiweka mbele yao rasimu yenye makosa, watakasirika au watacheka, na katika hasira na kicheko hicho ndimo yanamotoka mambo ambayo dodoso haliwezi kuyapata. Kwa hiyo mwandaaji mzuri huja na kitu, ila huja nacho mapema, kikiwa hakijakauka, na huonyesha waziwazi kwamba hatakitetea hadi kufa.

Katika historia ya fani hii duniani, mbinu mojawapo inayofundishwa sana nayo ilizaliwa kutokana na mtu kusahihishwa. Augusto Boal, mwongozaji wa tamthilia kutoka Brazil, alikuwa Peru mwaka 1973 akifanya kazi katika mpango wa kisomo cha watu wazima. Kikundi chake kiliigiza tatizo la mwanamke ambaye mumewe alikuwa akichukua fedha zake na kumpa karatasi azitunze, akidai ni stakabadhi za ujenzi wa nyumba yao. Mwanamke hakujua kusoma. Aliposomewa na jirani, zikawa ni barua za mapenzi kutoka kwa hawara. Watazamaji walitakiwa wapendekeze la kufanya na waigizaji wakaigiza kila pendekezo. Mama mmoja aliyekuwa amekaa kati yao alisema mke azungumze na mumewe kwa uwazi, kisha amsamehe. Waigizaji walizungumza, akasema sivyo. Wakarudia kwa ukali kidogo. Akasema bado sivyo. Boal aliposhindwa kumwelewa alimwomba apande jukwaani aonyeshe mwenyewe. Mama akapanda, akashika ufagio, akamtandika yule "mume" kwa nguvu zake zote, na baada ya hapo ndipo akamwambia yaliyo moyoni na kumsamehe. Maneno yake yalikuwa yaleyale yaliyokuwa yameigizwa mara kadhaa. Kilichopungua ni kitu ambacho mtu wa nje asingeweza kukitafsiri kutoka kwenye maneno. Tangu hapo Boal aliacha kumwomba mtazamaji maoni tu na kuanza kumpandisha jukwaani, na mbinu hiyo sasa inatumika katika nchi nyingi, zetu zikiwamo, kwa jina la jukwaa la majadiliano.

Hapa nyumbani Tanzania wahadhiri wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakiwamo Penina Muhando Mlama, Amandina Lihamba na Eberhard Chambulikazi, walikwenda Malya, mkoani Mwanza, mwanzoni mwa miaka ya 1980, na baadaye Msoga, mkoani Pwani. Mlama alieleza kazi hizo katika kitabu chake cha mwaka 1991, na mwanafunzi yeyote wa fani hii anapaswa kukitafuta hata kama itabidi akisome ndani ya maktaba. Mpango wao ulianza kwa kuishi na watu na kuyachunguza mazingira, pamoja na ngoma na michezo iliyokuwapo tayari, ndipo wenyeji wenyewe wakayachambua matatizo yao, wakatunga, wakacheza, wakajadili. Ukitaka kupima mradi wako, linganisha tu: kwako utunzi unakuja hatua ya ngapi?

Sasa tushuke kwenye vitendo, na nachukua mchoro wa ukutani kwa sababu ndiyo kazi inayoonekana rahisi kuliko zote. Mpango wa kawaida ni huu: pata kibali, nunua rangi, alika wasanii, chora kwa siku tatu, alika mgeni rasmi, piga picha. Tuseme mtaa wenyewe uko katika mji wa kale wa pwani. Kabla msanii hajashika brashi, mtafute fundi rangi wa mtaa huo umtembeze ukutani. Atapitisha kiganja sehemu ya chini, atakwaruza kwa kucha, ataangalia unga mweupe uliobaki kidoleni, na atakwambia kwamba ukuta huu unanyonya maji ya ardhini yenye chumvi. Rangi ya plastiki ukiipaka hapa itavimba masika ya kwanza na kubanduka kama ganda. Kuta za mawe ya matumbawe zilijengwa kwa chokaa ili zipumue, na anayezifunika kwa saruji na rangi nzito anaufungia unyevu ndani. Ukuta wa saruji nao, ukiwa umepigwa lipu hivi karibuni, unataka wiki nne hivi ukauke. Maelezo hayo hayapo kwenye andiko la mtu yeyote, na yanaweza kuhamisha mchoro mzima kutoka ukuta mmoja hadi mwingine, kutoka Aprili hadi Julai, au kutoka ukutani hadi kwenye mbao zinazotundikwa. Mwenye nyumba naye si lazima awe ndiye anayeishi humo. Mpangaji akikubali, bado hujakubaliwa. Katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, ambao umo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, kuna pia mamlaka ya uhifadhi ambayo hukubali au hukataa kwa sababu zake.

Baada ya ukuta kupatikana, usichore. Yaani chora, lakini kwa mkaa, kwa ukubwa halisi, halafu ondoka kwa wiki moja na umwache mtu mmoja pale na daftari. Mkaa unafutika kwa kitambaa chenye maji, na kila anayepita anajua hivyo. Mchoro mdogo kwenye karatasi ukizungushwa kikaoni, watu watausifu kwa adabu na kuurudisha. Ukiwa ukutani, ukitazamana na kibaraza chao, wataanza kuuliza. Kwa nini mvuvi huyu anavuta wavu kwa upande huo? Kwa nini mwanamke pekee aliyemo amebeba ndoo? Huyu mzee anafanana na fulani, na familia yake haijaombwa. Watoto watachora ya kwao pembeni, na mara nyingine hayo yatafaa kubaki. Daftari hilo ndilo waraka muhimu kuliko zote katika mradi, kuliko hata picha za uzinduzi, na wenye kujifunza wangefundishwa kulijaza kwa uangalifu uleule wanaofundishwa kujaza fomu za matumizi.

Kalenda nayo iandikwe na wenyeji. Usukumani msimu wa mashindano ya ngoma ni baada ya mavuno, na si kwa bahati. Kabla ya hapo mtu ana jembe mkononi. Pwani utaitazama Ramadhani, masika na vuli. Mahali popote utakapotegemea wanafunzi utatazama mitihani ya Septemba na Novemba. Mwenye andiko lisilobadilika hujikuta anafanya onyesho la vijana wiki ambayo vijana hawapo, kisha anaandika kwenye ripoti kwamba mwitikio ulikuwa mdogo.

Lipo suala la posho, ambalo vitabu vya fani hii vinalipita haraka na ambalo ndilo linaloamua mengi. Posho ya kikao humfanya mtu aje, haimfanyi apinge. Pengine humfanya asipinge, kwani nani atamuudhi anayegawa bahasha? Upande wa pili, ni dhuluma kumtaka mchuuzi aache biashara yake nusu siku ili akukosoe bure, na wewe unalipwa mshahara kwa kumsikiliza. Naona njia iliyo sawa ni kulipa kazi: aliyejenga jukwaa, aliyechanganya rangi, aliyepikia waigizaji, wote walipwe kwa kiwango kinachotangazwa mbele ya watu na kisichotofautiana kwa cheo. Maoni yafuatwe yalipo. Kikundi cha vikoba kinakutana kila wiki. Kijiwe cha bodaboda hakifungwi. Kikundi cha ngoma kina siku yake ya mazoezi. Ukiomba nusu saa mahali ambapo watu wameshakusanyika kwa shughuli yao, huna haja ya kuwanunua, na wao hawana haja ya kukufurahisha.

Watakaopinga hoja hii wapo, na baadhi yao wana haki. Wa kwanza ni yule atakayesema mfadhili hatoi fedha kwa jambo lisilojulikana. Ni kweli kwamba fomu nyingi zinadai idadi na tarehe. Lakini hakuna fomu inayokuzuia kuandika usahihishaji kama shughuli yenye tarehe, gharama na ushahidi wake. Badala ya kuahidi "michoro mitano kuhusu usafi", ahidi michoro kati ya mitatu na mitano ambayo maudhui yake yatapitishwa na mikutano kadhaa ya mtaa, kisha uweke awamu ya maandalizi yenye fedha zake, na fungu la mabadiliko ambalo halijapewa jina. Ningeshauri robo ya bajeti isifungwe hadi rasimu irudi kutoka kwa watu. Kwenye viashiria, andika kwamba utawasilisha rasimu ya kwanza na ya mwisho pamoja na maelezo ya nani alibadilisha nini. Afisa miradi aliyechoka kusoma ripoti zinazofanana atakushukuru. Mfadhili akikataa hata hayo, basi amesema wazi kwamba anataka tangazo, na matangazo yana soko lake na bei yake. Mtoze bei hiyo.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nalo linatoka kwa wasanii. Wanasema kazi ikiamuliwa na kila mtu inageuka uji, na kwamba sanaa nyingi za miradi ni mbaya. Hilo la mwisho siwezi kulibisha. Ukitazama michoro mingi ya kampeni katika miji yetu, ile mikono ya rangi tofauti iliyoshikana kuuzunguka mpira wa dunia, utakubali. Ila hiyo haikuharibiwa na wenyeji. Mingi hubeba nembo za wafadhili na ujumbe uliokwisha kuandikwa mahali pengine. Mfano wa kujibu pingamizi hili uko Los Angeles, ambako Judith Baca alianza mwaka 1976 kuchora historia ya California kwenye ukuta wa mfereji wa maji ya mafuriko, kazi iliyoendelea kwa majira matano ya joto na kufikia urefu wa mita 840 hivi. Vijana zaidi ya 400 walishiriki, wengi wao wakiwa wamepitia mikononi mwa mahakama za watoto. Msimu wa kwanza sehemu ziligawanywa kwa wasanii mbalimbali, kila mmoja na mtindo wake. Baadaye Baca alishika usanifu wa kazi nzima, huku utafiti na masimulizi ya watu yakiendelea kulisha mchoro. Maana yake ni kwamba kusikiliza hakumwondolei msanii wajibu wa kuamua. Wenyeji wana mamlaka juu ya nini kisemwe, nani aonekane, kwa lugha gani, mahali gani. Msanii ana mamlaka juu ya uwiano, rangi, mdundo, nani asimame mbele jukwaani. Mpaka huo ukichorwa siku ya kwanza, ugomvi unapungua sana. Philadelphia, ambako mradi wa michoro ya kuta ulianza mwaka 1984 kwa kuwageuza vijana waliokuwa wakichafua kuta kuwa wachoraji, walipata hata suluhisho la kiufundi: sehemu za mchoro huchorwa kwenye vipande vya kitambaa chepesi, ndani ya shule, magereza au nyumba za wazee, kisha hubandikwa ukutani na mafundi. Mtu asiyeweza kupanda jukwaa la mbao anashiriki, na mstari wa mchoro haupotei.

Pingamizi la tatu ni kwamba "jamii" si mtu mmoja. Ni kweli, na ndilo linalowaangusha hata wenye nia njema. Ukiitisha mkutano wa hadhara utasahihishwa na mwenyekiti, wazee wawili na kijana mmoja anayejiandaa kugombea udiwani. Yule mama wa Peru alipata ufagio kwa sababu aliitwa mbele, na kwa sababu mwongozaji aliona sura yake haijaridhika. Kwa hiyo rasimu ipelekwe kwa makundi mbalimbali, wanawake peke yao, vijana peke yao, wapangaji mbali na wenye nyumba, kisha tofauti zao ziwekwe mezani bila majina. Na ieleweke kwamba kusahihishwa si kutii. Kundi kubwa linaweza kukutaka umfute mchoroni mtu mwenye ulemavu, au mtu wa kabila la wachache, au ulifiche kosa la mkubwa. Mambo ambayo hutayapigia kura yataje mapema, ukiwa bado unaweza kufungasha na kuondoka. Mwandaaji anayejificha nyuma ya "jamii ndiyo iliyosema" ni mwoga kama yule asiyeiuliza.

Linabaki suala la hatari, na hapa Kamĩrĩĩthũ inafundisha tena, safari hii kwa uchungu. Mchezo ule ulikuwa na kibali. Kibali kilifutwa tarehe 16 Novemba 1977, wiki sita baada ya ufunguzi. Ngũgĩ wa Thiong'o alikamatwa siku ya mwisho ya mwaka huo na kuwekwa kizuizini hadi Desemba 1978. Wanakijiji walipojaribu tena mwaka 1982 kwa mchezo mwingine, kituo kilinyimwa leseni na polisi walilibomoa jukwaa lililojengwa kwa mikono yao. Boal naye alisimulia jinsi alivyokwenda na waigizaji wa mjini kaskazini mashariki mwa Brazil, wakamaliza igizo lao kwa kuinua bunduki na kuimba juu ya kumwaga damu kwa ajili ya ardhi. Mkulima mmoja akawashika mkono: twendeni basi, bunduki zenu hizo na zetu tunazo, tukamtoe kabaila. Wakalazimika kumweleza kwamba bunduki zao ni za mbao na kwamba wao ni wasanii. Mkulima akaelewa kwamba damu iliyokuwa ikiimbwa ni yake. Unapopanga, fuata taratibu zote: serikali ya mtaa, afisa utamaduni, baraza la sanaa (BASATA kwa Tanzania Bara, BASSFU kwa Zanzibar), barua zote ziwe na mihuri. Lakini usiamini kwamba muhuri unamlinda mwigizaji baada ya wewe kupanda basi. Waulize watu wenyewe, faraghani, wanaweza kubeba nini na wasichoweza ni kipi, na jibu lao lipunguze makali ya kazi yako ikibidi. Wapo watakaoita hivyo kujidhibiti. Mimi naona ni heshima kwa atakayebaki.

Basi mtu akasomee wapi? Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, iliyoanza kama Chuo cha Sanaa mwaka 1981, itampa ufundi wa mikono, miguu na sauti, na vyuo vikuu vitampa nadharia na desturi ya kuandika. Asiridhike na hayo. Ukanda huu una vikundi vilivyoendesha sanaa ya watu kwa vizazi bila andiko lolote. Ikhwani Safaa ya Zanzibar ilianzishwa mwaka 1905 na bado inapiga taarabu. Vyama vya beni vya pwani vilikuwa na vyeo, ada na kamati zao enzi za ukoloni. Usukumani, vyama vya ngoma vya Wagika na Wagalu huchezea uwanja mmoja kwa wakati mmoja, na mshindi ni yule aliyevuta umati mkubwa zaidi. Mtunzi asiyependeza anasahihishwa papo hapo kwa kugeuziwa migongo. Omba kukaa na kikundi cha namna hiyo kwa msimu mzima, ukibeba viti na kusikiliza. Mwombe mweka hazina akuonyeshe daftari lake, na umuulize mambo matatu: ala ikivunjika nani anaamua ikatengenezwe, mwanachama akifiwa fungu linatoka wapi, na wimbo ukikataliwa nani anatumwa kumwambia mtunzi, kwa maneno gani. La tatu uliandike kwa kirefu.